Mkono wa Niwaeli kwenye Lango la Nne

Siku mke wangu Niwaeli alipofariki, lango la nne lilifunguka kwa wakati wake.

Alianguka jikoni asubuhi, makande yakiwa motoni. Mganga wa zahanati alipofika alisema ni moyo, na kwamba hata angewahi asingeweza kufanya kitu. Nilizima jiko. Majirani wakaanza kuingia, wanawake wakatandika mikeka sebuleni, wanaume wakatoa viti nje. Nilikuwa nimesimama uani, sijui nishike nini, niliposikia chuma kikisogea kule mferejini.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa mfereji mkuu, kwa hiyo kila mtu alisikia. Lango lilinyanyuka kidogo kwanza, likapitisha maji membamba, likatulia. Baada ya muda ndipo likafunguka lote. Niwaeli alikuwa akifanya hivyo tangu alipoanza kazi ya kugawa maji. Aliachia kidogo ili mtu aliyeko chini mferejini akizibua tope asikie na atoke. Hakuna aliyemfundisha.

Waliokuwa wakishusha viti walisimama. Mzee mmoja alivua kofia yake, akaishika kifuani mpaka sauti ya maji ilipotulia. Ndipo viti vikaendelea kupangwa.

Hakuwa yeye, bila shaka. Alikuwa Mwanafunzi.

Skimu yetu ya umwagiliaji ya Mbugani, hapa chini ya milima ya Upare, ilipoletewa malango yanayojiendesha, wakulima walikataa yaongozwe kutoka mjini. Walikuwa wameona kwenye skimu nyingine jinsi maji yalivyowafuata wenye jamaa ofisini. Wakasema kama mashine lazima ije, ije haijui kitu, ifundishwe hapahapa na mtu tunayemwamini. Wakamchagua Niwaeli. Kwa miaka mingi alivaa bangili nyeusi, na kila alipozungusha gurudumu la lango, bangili ilikumbuka mkono umefanya nini, na kamera za kwenye milingoti zilikumbuka mashamba yalikuwaje saa ile. Mashine ikajifunza hivyo: majani yakiwa namna hii, Niwaeli hufanya namna hii. Watu wakaiita Mwanafunzi. Mwishoni iligawa maji yenyewe, na Niwaeli akabaki kupita tutani na kuangalia.

Wakulima waliweka sharti jingine pia. Yale mafunzo yasifutwe na ofisa yeyote. Yafutwe kwa kiganja cha Niwaeli tu, au cha mtu atakayemwachia.

Aliniachia mimi. Siku ya kusajili kiganja ilibidi nirudie mara kadhaa kwa sababu kioo kilikataa kunisoma. Niwaeli alicheka, akaniambia mkono wangu una jasho kama wa mwizi wa kuku.

*

Baada ya matanga watu walirudi makwao. Binti yetu Kadeghe alikaa nami kidogo, kisha akarejea kazini kwake bandarini Kigoma. Nyumba ikawa na nafasi nyingi. Nilikuwa nakula nimesimama.

Nilizoea kukaa kwenye tuta karibu na lango la nne. Sikumwambia mtu sababu. Nilikaa pale na jembe pembeni, kama mtu anayepumzika, nikisikiliza chuma. Lango lilikuwa na tabia zake zote. Lilipunguza maji kabla mvua haijashuka kutoka milimani, mapema kuliko sisi wengine tulivyoweza kuihisi. Lilipoona ng'ombe wameingia mferejini lilisubiri watoke, hata kama zamu ya mtu ilikuwa inapotea.

Na maji ya shamba letu yalikuja wiki ile ile matanga yalipokwisha, ingawa haikuwa zamu yetu. Hilo nalo lilikuwa lake. Wafiwa hukosa zamu wakiwa msibani, kwa hiyo Niwaeli aliwaongezea maji baadaye bila kuombwa. Mwanafunzi aliona shamba halijaguswa, majani yamelegea, akafanya alichofundishwa. Nilisimama kwenye jaruba maji yakinifikia miguuni. Mke wangu alikuwa ananipa pole kwa msiba wake mwenyewe.

Nilikaa chini palepale kwenye maji.

*

Msimu uliofuata ploti za chini zilianza kuwa nyeupe.

Lango la nne ndilo linalopeleka maji chini, kwenye ardhi iliyo bapa ambako wengi ni wajane na watu waliokuja mwishoni skimu ilipokuwa imejaa. Kwanza weupe ulionekana kwenye matuta tu, kama unga uliomwagika. Kisha ukaingia kwenye majaruba. Mpunga ulichipua, ukasimama, halafu ncha za majani zikawa za njano na mimea ikalala. Mwanafunzi aliiona kupitia kamera zake. Aliiongezea maji. Ikalala zaidi, naye akaongeza zaidi.

Ofisi ya maji ya bonde ilimtuma fundi, kijana anayeitwa Mndeme, mtu wa kwetu Upare ingawa amekulia Morogoro. Alinikuta tutani, akanisalimia shikamoo, akaniomba nimsindikize. Tulishuka mpaka ploti ya Namcheja. Namcheja ni mjane. Yeye na Niwaeli walitoka ukoo mmoja, na mimi huniita shemeji. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, amekunja mikono.

Mndeme alichimba shimo. Hakufika mbali, maji yakaanza kuingia kwa chini, ya kahawia, taratibu. Akachovya kidole akanionyesha nionje. Yalikuwa machungu.

Alinieleza tukiwa tumechuchumaa pale. Alisema maji ya mfereji yana chumvi kidogo sana, hakuna anayeionja. Lakini kila yanapomwagwa mengi kuliko mmea unavyohitaji, yanazama, na huku chini hayana pa kutokea. Yanapanda mwaka hadi mwaka. Yakifika karibu na juu, jua linayavuta, maji yanapaa na chumvi inabaki. Mmea wenye chumvi mizizini hauwezi kunywa hata ukisimama ndani ya maji. Unasinyaa kama wenye kiu.

"Unafanana kabisa na wenye kiu," alisema. "Ukiutazama kwa macho huwezi kutofautisha. Mama alikuwa anaona kiu, anatoa maji. Na Mwanafunzi anaona alichokuwa anaona mama."

Nilimuuliza kwa nini wasilifunge lango. Alisema walikwisha kulifunga. Niliwaona, kweli, wiki mbili nyuma, wakifunga mnyororo. Mwanafunzi aliona ploti za chini zinakosa maji, akaacha lango la tatu wazi mpaka mfereji ukafurika na maji yakashuka yenyewe, ikabidi waufungue mnyororo. Walipomwekea mwalimu mwingine amfundishe upya, aliyashika mapya juu ya yale ya zamani, na mimea ilipolala akarudi kwa yale ya zamani. Mizizi yake yote ilikuwa Niwaeli.

"Haiwezekani kutoa hilo moja tu?" nilimuuliza. "Hilo la kuwaongezea watu wa chini?"

"Mzee wangu, ni kama kutoa chumvi kwenye uji uliokwisha kuiva."

Akapangusa mikono kwenye suruali. Alisema wana kazi ya kufanya pale chini: kuzika mabomba yenye matundu ya kutolea maji, kuacha ardhi ikauke, kuweka jasi, kisha kuiosha chumvi kwa maji yaliyopimwa. Ni kazi ya misimu mingi, na haiwezi kuanza Mwanafunzi akiendelea kumwaga maji. Wakichelewa, weupe utapanda kwenye ploti za kati, na baada ya hapo hajui itakuwaje.

Hakuniambia moja kwa moja kwamba wanataka kiganja changu. Alikitazama tu.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ghala. Watu wa juu walitaka mafunzo yafutwe siku ile ile. Sekiete, mwenye ploti kubwa jirani na banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, alisema kwa utani kwamba amewahi kuona wanawake wakitawala waume, lakini hajawahi kuona mwanamke aliyezikwa akipangia maji skimu nzima. Watu wengine walicheka, kisha wakaniona, wakaacha. Sekiete mwenyewe alikuja baadaye kunishika bega. Alikuwa amembeba Niwaeli siku ya mazishi, mbele upande wa kulia.

Nilitegemea watu wa chini ndio watakaotaka zaidi yafutwe, kwa sababu ardhi inayokufa ni yao. Haikuwa hivyo. Walikaa nyuma, na walipoulizwa, walisema wanataka mashine ibaki kama ilivyo. Mndeme akawaeleza tena habari ya maji yanayopanda. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza, lango likifungwa, wao watakula nini katika hiyo misimu mingi. Mwenyekiti alisema jambo hilo litaangaliwa.

Mwishoni wote walinigeukia. Nilisema nahitaji muda, wakasema sawa, lakini walivyotoka niliona hawakupenda.

Nilimpigia Kadeghe simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nyuma yake nilisikia winchi za bandarini. Akasema, "Baba, yale ni malango." Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikasema ndiyo.

Sikumlaumu. Yeye aliondoka nyumbani mapema, alimjua mama yake wa simu na wa likizo. Hajawahi kukaa tutani akamsikia akifanya kazi.

*

Nilikwenda kwa Namcheja siku ya soko, nikijua nitamkuta kwa sababu hakuwa na cha kupeleka. Alinipa kigoda, akaniletea uji, akaendelea kupeta mpunga kidogo uliokuwa kwenye ungo. Punje nyingi zilikuwa tupu.

Nyumba yake ni ya tofali za udongo. Niliona jinsi ukuta ulivyoanza kumeguka kwa chini, kiasi cha urefu wa goti, kama umetafunwa. Alinikuta nikiangalia.

"Inapanda na huko," alisema. "Nikifagia asubuhi, jioni imerudi."

Nilimwambia sielewi kwa nini wanataka Mwanafunzi abaki. Nilimwambia maji yale ndiyo yanayowamaliza.

"Najua, shemeji. Fundi alinionjesha kabla yako." Alipuliza makapi. "Lakini sisi hapa, kila kitu tunachopata tumekiomba. Mbegu tunaomba, mbolea tunaomba, hata njia ya kupita tunaomba. Maji ya dada hatukuyaomba. Yalikuwa yanakuja. Sasa nisimame mkutanoni niseme yafungwe?"

Nilikunywa uji.

Kisha akaweka ungo chini, akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alisema msimu wa mwisho kabla hajafa, Niwaeli alishuka mpaka kwake na kuokota donge la udongo tutani. Aliliweka ulimini akatema. Halafu akawaita wote wa chini, akawaambia anadhani wapumzishe ardhi, waache mpunga msimu mmoja, waone. Hakuwa na uhakika. Alisema tu udongo haumpendezi.

"Tulimlilia," Namcheja alisema. "Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa na wajukuu wawili ndani. Nilimwambia dada, ukinifungia maji nikale wapi? Alisimama pale ulipokaa. Alisimama sana. Akaondoka, na kesho yake maji yakaja."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Aliponiambia, niliikumbuka ile siku. Niwaeli alirudi nyumbani akaketi mezani, akasukuma sahani, na usiku akachelewa kulala. Nilidhani ni presha. Nilimuuliza, akasema amechoka. Kesho yake alivaa bangili, akaenda akalifungua lango kwa mkono wake, kwa sababu siku ile hakutaka Mwanafunzi amfanyie.

Bangili iliuchukua mkono ukizungusha gurudumu. Hiyo ndiyo siku Mwanafunzi alijifunza kwamba hata udongo ukiwa hivi, Niwaeli huwapa maji. Ile sahani hakuiona, wala kuchelewa kwake kitandani, wala jinsi alivyosimama kwenye ua wa Namcheja bila kujibu.

"Angekuwa hai angefunga," nilisema.

"Labda." Namcheja aliinua ungo tena. "Labda angetuhurumia tena. Wewe ndiye uliyeishi naye."

Niliishi naye, na sikujua. Nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu ya tutani. Nilitaka jibu lije upande mmoja. Kama angefunga, basi Mwanafunzi si yeye, ni kosa lake moja linalorudiwa kila siku na mashine isiyochoka, na kuifuta ni kumwondolea mzigo. Kama asingefunga, basi ni yeye hasa, na mimi ndiye nitakayezuia mkono wake. Nilifika nyumbani bila jibu. Lango lilinyanyuka kidogo, likatulia, likafunguka. Nililisikia nikiwa mlangoni na ufunguo mkononi, na nikajua kwamba katika haya yote nilikuwa nafikiria masikio yangu tu, yasiikose sauti ile. Namcheja alikuwa na ukuta unaomeguka.

*

Nilimwambia mwenyekiti nitaweka kiganja, ila nitasema jambo kwanza. Walikusanyika kwenye kibanda cha mitambo, penye banio, asubuhi. Sijazoea kusema mbele za watu, na maneno niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea. Nilisema tu kwamba watu wa chini watakaa bila maji kwa sababu ya afya ya mashamba yetu sote, kwa hiyo sisi wa juu tuwape sehemu ya kulima mpaka ardhi yao ipone. Mimi ninatoa nusu ya shamba langu. Sikuwawekea sharti. Nilijua ningeweza, kiganja kilikuwa changu, lakini Niwaeli hakuwahi kumshikia mtu maji ili apate kitu, na sikutaka kuanza mimi kwa mkono alioniachia.

Sekiete alisema atalifikiria. Mama mmoja wa ploti za kati alisema atatoa majaruba mawili, akayataja ni yapi.

Mndeme alinipangusia kioo kwa kitambaa. Aliniambia nikisha kuweka kiganja nitaulizwa mara moja tu, na hakuna kurudisha. Aliniuliza kama nataka wengine watoke. Nikasema Namcheja abaki.

Watu wakatoka. Namcheja alisimama karibu na mlango, khanga ameifunga kichwani kama mtu anayekwenda msibani. Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya mifereji, na vidoa vya buluu mahali maji yalipokuwa yakipita. Cha lango la nne kilikuwa kinawaka. Niliweka mkono. Haukusomeka.

"Jasho," Mndeme alisema kwa upole, akanipa kitambaa.

Niliufuta. Nikaweka tena. Mashine iliniuliza, nami nikasema ndiyo. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikadhani haijanisikia. Kisha vidoa vya buluu vikazimika kimoja kimoja kuanzia chini kwenda juu, na nje nikasikia malango yakishuka, yote, hata yale ya mbali. Yalishuka kwa mkupuo, kama chuma chochote kinavyoshuka.

Namcheja alikuja akasimama kando yangu. Hakunishika. Tulibaki tukitazama ramani iliyokuwa tupu, mpaka Mndeme aliposema anaomba kufunga kibanda.

*

Ninaandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mpangilio wake wa malango. Juzi nilijaribu kukumbuka lango la pili lilikuwa likifunguliwaje siku za upepo, na sikuweza. Sasa hakuna wa kunikumbusha, kwa hiyo nimeandika yale niliyonayo.

Malango yanazungushwa kwa mkono, kwa zamu ya kila kaya, mpaka skimu itakapokubaliana ni nani afundishe tena. Wamekutana mara kadhaa, hawajakubaliana. Sekiete alitoa jaruba moja, lile lenye mawe. Wawili wa chini wameondoka kwenda kutafuta kazi Korogwe, na nyumba zao zimefungwa kwa miti.

Mabomba yamefika kwenye ploti ya Namcheja. Maji yanayotoka humo ni machungu, na yanapelekwa kwenye bwawa la kukaushia huko porini ambako hakuna anayelima. Mndeme anapima udongo kila anapokuja. Anasema chumvi imeanza kushuka, kidogo, na kwamba haitakuwa mwaka huu wala ujao.

Namcheja analima nusu ya shamba letu iliyo upande wa barabara. Mimi nalima nusu iliyo upande wa mfereji. Tumepanda mahindi, yasiyotaka maji mengi kama mpunga.